Si kila mbeba mkoba ni daktari: Mchunguze atakayempasua mnyama wako

Katika mitaa ya Thika na Ruiru, kila avaaye gambuti na kubeba mkoba wenye sindano huitwa "daktari". Anayepandisha ng'ombe kwa sindano ni daktari. Anayeuza dawa ya kupe na ya minyoo katika duka la agroveti ni daktari. Kijana anayekata mikia ya watoto wa mbwa kwa wembe, naye ni daktari. Siku za kawaida jina hilo halimdhuru mtu. Lakini siku ng'ombe wako wa gredi anapovimba tumbo na kuacha kucheua, au mbwa wako anaposhindwa kuzaa, unahitaji kujua daktari wa kweli ni nani. Ukikosea siku hiyo, huenda ukampoteza mnyama na fedha pamoja, na wakati mwingine ukahatarisha afya ya wale wanaokula mezani pako.

Leo tutajifunza jinsi ya kumtambua mtu aliyehitimu kumpasua mnyama, maswali ya kumwuliza, na mambo unayopaswa kufanya wewe mwenyewe kabla na baada ya upasuaji.

Mkanganyiko ulitoka wapi?

Zamani mfugaji wa Kenya alimtegemea daktari wa serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali iliacha kuajiri kila daktari wa mifugo aliyehitimu, na katika miaka ya 1990 huduma nyingi za matibabu ya mifugo ziliachiwa watu binafsi. Maduka ya dawa za mifugo yalichipuka kila soko. Baadhi yake yaliendeshwa na watu wenye ujuzi, mengine na wafanyabiashara tu. Tangu mwaka wa 2013 huduma za mifugo zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na kwa wakazi wa Thika na Ruiru hiyo ni Kaunti ya Kiambu. Hata hivyo, maafisa wa kaunti hawawezi kufika kila ploti. Ndiyo maana wengi wetu humpigia simu mtu aliye karibu, bila kuuliza alisomea nini.

Wako wa aina tatu

Wa kwanza ni daktari wa mifugo mwenye shahada. Huyu alisoma chuo kikuu kwa miaka mitano. Wengi wa madaktari wetu walisomea Kabete, katika kitivo cha utabibu wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na wengine Chuo Kikuu cha Egerton. Katika masomo yake alifundishwa maumbile ya mnyama, dawa za usingizi, upasuaji na uangalizi wa mgonjwa baada ya kushonwa.

Wa pili ni msaidizi wa daktari wa mifugo. Huyu ana cheti au diploma ya afya ya mifugo, na wengi wao walipitia vyuo vya AHITI, kama vile cha Kabete na cha Nyahururu. Usimdharau. Yeye ndiye mara nyingi hudunga chanjo, hutibu kikohozi cha ndama na kupandisha ng'ombe. Lakini kufungua tumbo la mnyama ni kazi inayomtaka daktari.

Wa tatu hana masomo yoyote ya mifugo. Alijifunza kwa kumbebea mwingine mkoba, au anauza dawa dukani na kusoma maandishi ya chupa. Anaweza kuwa mtu mwema na jirani mpendwa. Hata hivyo, wema haumfundishi mtu mahali mshipa wa damu unapopita.

Sheria inasemaje?

Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayohusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ni lazima kila anayefanya kazi hii asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ambayo ofisi zake ziko Kabete. Kujitangaza kuwa daktari wa mifugo bila kusajiliwa ni kosa. Bodi hiyo pia hupokea malalamiko dhidi ya wale waliosajiliwa.

Faida yake kwako ni kwamba aliyesajiliwa ana mahali pa kushtakiwa. Akifanya kazi ovyo, kuna wakubwa wa kumwita na kumwuliza. Asiyesajiliwa akiharibu, huzima simu, na wewe hubaki na mzoga.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuomba jina lake kamili na namba yake ya usajili, kisha uliza kama leseni yake ni ya mwaka huu. Unaweza kuthibitisha kwa Bodi yenyewe au katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako. Daktari wa kweli hakasiriki akiulizwa. Anayekasirika amekwisha kukupa jibu.

Je, upasuaji unahitajika kweli?

Daktari mzuri hujulikana pia kwa upasuaji anaokataa kuufanya. Tuangalie mifano mitatu.

Mbwa wengi wa mitaani hupata uvimbe unaotoa damu sehemu za siri. Mara nyingi hii ni aina ya saratani ambayo mbwa huambukizana wanapopandana. Asiyejua huukata uvimbe kwa kisu, mbwa akatoka damu nyingi, na baada ya muda uvimbe ukarudi. Daktari aliyehitimu huchunguza kwanza chembe za uvimbe huo. Akithibitisha, kwa kawaida humtibu mbwa kwa sindano za dawa iitwayo vinikristini, mara moja kwa wiki kwa majuma kadhaa, na wengi hupona bila kisu.

Mfano wa pili ni ng'ombe aliyemeza waya au msumari. Chuma hukaa katika tumbo la pili, ambalo liko karibu sana na moyo. Tumbo likijikunja, chuma hutoboa na kuelekea kifuani. Ikigunduliwa mapema, daktari anaweza kufungua tumbo na kukitoa. Lakini chuma kikishafika kwenye moyo, kidari kikavimba maji na mshipa mkubwa wa shingo ukatutumka, kupasua kwa kawaida hakusaidii tena. Daktari mwaminifu atakueleza hivyo hata kama anapoteza malipo.

Mfano wa tatu unahusu uhai wako. Mbwa anadondosha mate, taya limelegea, hawezi kumeza, na jirani anasema mfupa umekwama kooni. Usitie mkono wako humo, wala usimruhusu mtu yeyote autie. Kichaa cha mbwa kinaweza kujionyesha hivyo hivyo. Daktari atauliza kwanza mbwa alichanjwa lini, kama ameumwa na mbwa mwingine, na kama tabia yake imebadilika. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Aliyeumwa, au aliyeguswa na mate mahali penye mchubuko, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo.

Maswali sita ya kumwuliza

1. Umewahi kufanya upasuaji huu kwa mnyama wa aina hii? Aliyezoea ng'ombe si lazima awe hodari kwa paka. Daktari anayesema, "Hii mimi siifanyi sana, nitakuelekeza kwa mwenzangu," amekufaa kuliko anayejigamba.

2. Utatumia dawa gani ya usingizi au ya ganzi, na nani atamwangalia mnyama wakati unapokata? Lazima awepo mtu wa kuhesabu pumzi, kusikiliza moyo na kutazama rangi ya ufizi. Anayeshona hawezi kufanya yote peke yake. Uliza pia kama mnyama atapimwa uzito, kwa sababu kipimo cha dawa hutokana na uzito. Wanyama nao hutofautiana. Kuna dawa ya kutuliza iitwayo zailazini, ambayo ng'ombe anahitaji takriban sehemu moja tu ya kumi ya kipimo cha farasi. Asiyejua hilo anaweza kumlaza ng'ombe asiamke.

3. Vyombo vyako unavitakasaje? Jibu sahihi ni mtungi wa mvuke wa kutakasia au njia nyingine inayojulikana ya kuua vijidudu, pamoja na glavu safi na nyuzi mpya za kitabibu. Kumwagia kisu maji ya moto ya chai hakutoshi. Ukimwona ametoa makasi mfukoni, mshukuru na umwage.

4. Utamtulizaje maumivu? Mnyama huumia kama wewe, ingawa hasemi. Ikiwa mpango wake ni kumfunga kamba na kumshikilia kwa nguvu tu, huyo si wa kumkabidhi mnyama.

5. Gharama yote ni kiasi gani? Taka hesabu kamili ya kumwona mnyama, upasuaji, dawa, safari na kurudi kutoa nyuzi. Bei ya chini kabisa mara nyingi ina kitu kilichoachwa nje, na kitu hicho huenda ikawa ni dawa ya maumivu.

6. Usiku mambo yakiharibika, nimpigie nani? Daktari anayejali atakuachia namba yake na maandishi ya dawa alizotumia.

Ng'ombe wa mjini na mifuko ya plastiki

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya. Hata hivyo, karatasi za plastiki, kamba za nailoni na vipande vya magunia bado vimejaa kwenye majalala, na ng'ombe anayelishwa mabaki ya sokoni au nyasi zilizokatwa kando ya barabara huvimeza. Plastiki haisagiki. Hukusanyika katika tumbo kubwa hadi ikawa donge. Dalili zake ni kukonda, maziwa kupungua, kinyesi kuwa kidogo, na tumbo la upande wa kushoto kuvimba mara kwa mara hata baada ya kupewa dawa ya gesi.

Hapa upasuaji unaweza kumwokoa. Kwa kawaida ng'ombe husimama, ubavu wake wa kushoto hunyolewa na kusafishwa, kisha hudungwa ganzi. Daktari hukata ngozi na misuli, hulivuta tumbo kubwa na kulishikiza kwenye kidonda ili uchafu usianguke ndani, ndipo hulifungua na kutoa plastiki kwa mkono. Halafu hushona tabaka moja baada ya jingine. Hatua ya kulishikiza tumbo ndiyo asiyehitimu huiruka. Uchafu ukidondoka ndani hata kidogo, ng'ombe hufa siku chache baadaye kwa usaha tumboni, na mwenyewe huambiwa kuwa "damu yake haikukubali".

Mbwa, paka na sungura

Kwa mbwa na paka wa kike, upasuaji wa kawaida ni kufunga kizazi. Huu hupangwa, kwa hiyo huna sababu ya kuharakisha. Tembelea kliniki mapema, tazama usafi wa meza, na uliza wanyama huamkia wapi. Lakini mbwa wa kike aliyetoka kwenye joto majuma machache yaliyopita, anayekunywa maji kupita kiasi, amekosa hamu ya chakula na pengine anatokwa na usaha, asingojee. Huenda mfuko wake wa uzazi umejaa usaha. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Mwenye paka akumbuke kuwa vidonge vya paracetamol vya binadamu ni sumu kwa paka. Usimpe kamwe kumtuliza maumivu.

Sungura, ambao wengi hufuga nyuma ya nyumba, wanahitaji daktari anayewafahamu. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo hafungishwi njaa kama mbwa kabla ya upasuaji. Akikaa bila kula, matumbo yake husimama na anaweza kufa. Tena, baadhi ya dawa za jamii ya penisilini akipewa kwa mdomo huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, naye huhara hadi kufa. Ukimwuliza "daktari" kuhusu njaa kabla ya kumpasua sungura naye akajibu kwamba asile usiku kucha, tafuta mwingine. Ni kipimo kizuri na hakikugharimu chochote.

Kazi yako kabla ya siku yenyewe

Mbwa au paka mzima kwa kawaida hupewa chakula cha jioni, kisha hali tena hadi apasuliwe, ili asitapike akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni. Maji mwachie kwa kadiri daktari atakavyosema. Mweleze daktari kila dawa mnyama aliyopewa, hata ya kienyeji na hata ile uliyonunua dukani kwa siri. Mpelekee kadi ya chanjo. Kama ng'ombe ana mimba, sema.

Baada ya kushonwa

Mlaze mnyama mahali pakavu, penye joto na pasipo na inzi. Mzuie asilambe nyuzi. Kola ya plastiki husaidia, na daktari anaweza kukuonyesha jinsi ya kuitengeneza kwa ndoo kuukuu. Nyuzi za ngozi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na anayezitoa ni daktari au msaidizi wake, si wewe kwa wembe. Piga simu bila kungoja ukiona damu ikitiririka, ufizi kuwa mweupe, kidonda kunuka au kufunguka, mbwa au paka kukataa chakula kwa siku nzima, sungura kukosa kula kwa saa chache tu, au ng'ombe kutocheua wala kutoa kinyesi.

Maziwa na nyama: jambo la jamii nzima

Ng'ombe aliyepasuliwa hupewa dawa za kuua vijidudu, na dawa hizo hutoka katika maziwa. Kila dawa ina siku zake za kungojea, nazo huandikwa kwenye chupa. Mtake daktari aziandike pia kwenye karatasi: maziwa yasinywewe hadi tarehe fulani, nyama isiliwe hadi tarehe fulani. Kuchemsha maziwa huua vijidudu vingi, lakini hakuondoi mabaki ya dawa yote. Mtoto wa jirani mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika kwa kikombe kimoja. Pia, dawa kidogo kidogo katika maziwa huwazoeza vijidudu, hadi siku tunapougua sisi dawa ile ile haifanyi kazi. Maziwa hayo yamwagwe. Najua inauma, hasa kwa mwenye ng'ombe mmoja anayelipa karo kwa maziwa hayo. Ndiyo maana siku hizo zihesabiwe katika gharama tangu mwanzo.

Ng'ombe akishindikana na mkaamua kumchinja, nyama lazima ikaguliwe na mkaguzi. Akifa ghafula bila sababu inayojulikana, asipasuliwe kabisa ili "kuona kilichomwua". Huenda ni kimeta, ambacho huambukiza binadamu. Ita ofisi ya mifugo.

Tafuta daktari kabla ya shida

Wengi humtafuta daktari saa nane za usiku, ng'ombe akiwa amelala chini na ndama amekwama. Saa hiyo utamchukua yeyote atakayeitika. Fanya kazi hiyo wiki hii, mnyama akiwa mzima. Ikiwa uko Thika au Ruiru, pita ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako na uulize majina ya madaktari waliosajiliwa wanaofanya upasuaji karibu nawe. Uliza katika chama cha ushirika unakopeleka maziwa. Kwa jambo gumu, kumbuka kwamba kitivo cha Kabete kina hospitali inayotibu wanyama wakubwa na wadogo. Wenye mbwa na paka wanaweza pia kuomba ushauri kwa chama cha KSPCA kilicho Karen, Nairobi, ambacho kazi yake ni ustawi wa wanyama.

Ukishapata majina mawili, yahakikishe kwa Bodi. Andika namba zao za simu ukutani kando ya zizi, si katika simu yako peke yake, maana siku ya shida huenda usiwepo nyumbani. Mwonyeshe mkeo au mumeo, na mfanyakazi wa zizini. Mwambie kila mmoja: hawa ndio wa kuitwa, na mwingine yeyote asitie kisu hadi atakapotaja namba yake ya usajili.